Siku Mama Sueno Alipoinua Miguu

Mama mkwe wangu ana kilo thelathini na nane, ulimi hujauhesabu. Ungeuweka ule ulimi kwenye mizani, boti ya abiria ingekataa kumpakia. Nasema hivi kwa mapenzi, msinielewe vibaya. Nimekaa naye nyumba moja miaka thelathini tangu niolewe na mwanawe, nimekula mapishi yake na nimekula maneno yake, na vyote viwili vimeninenepesha.

Jina lake Sueno Shiraiso, kanisani Magdalena, na umri wake ni miaka themanini na moja. Kazi aliyojipa mwenyewe ni kulitunza kanisa la ukumbusho hapa kisiwani Orose, pwani ya Nagasaki. Kila Jumamosi hupiga magoti akaisugua sakafu ya mbao kwa mfuko wa pumba za mchele, mpaka ukiinama unajiona meno. Kuna sehemu moja ya sakafu ile huisugua mara mbili. Iko katikati ya kanisa, imezungukwa na nguzo nne fupi, na ukubwa wake ni wa mikeka minane, kama hatua tano kwa tano. Chumba walichofungiwa wahenga wake kilikuwa papo hapo, na kipimo ni kile kile. Enzi Ukristo ulipopigwa marufuku, watu tisini na sita waliingizwa mle kwa sababu walikataa kumkana Yesu. Walikaa miezi saba, na thelathini na mmoja hawakutoka wazima. Wajukuu zao waliporuhusiwa kusali mbele za watu, walibeba mawe mgongoni kutoka ufukoni, wakajenga kanisa juu ya mahali hapo.

Sasa, wengine huwakumbuka wafu wao kwa shada la maua. Watu wa Orose huwakumbuka kwa kubanana. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, baada ya chakula cha mchana, wote wenye damu ya wale tisini na sita huingia kati ya zile nguzo nne. Kamba nene ya nyavu huzungushwa kwa nje, nao husongamana mpaka kamba ikaze. Kisha aliye mwepesi kuliko wote, ambaye husimamishwa katikati, huinua miguu yote miwili. Wahenga walisimulia kwamba mle chumbani watoto walilala wakining'inia, miguu haigusi chini, kwa jinsi miili ilivyoshikana. Kwa hiyo yule mwepesi akibaki juu kwa muda wa Salamu Maria tatu, basi chumba kimejaa na wafu wamekumbukwa, na watu hutoka wakicheka na kutafuta vifungo vya mashati yao sakafuni. Kama hamjawahi kusikia ibada inayoishia kwenye kutafuta vifungo, ndiyo hiyo.

Mimi nilikuwa sijawahi kuingia. Mimi ni mtoto wa ng'ambo ya kilima, wa ukoo wa Sakitani, Wabudha tangu na tangu, na babu wa babu yangu ndiye aliyeshika ufunguo wa kile chumba. Hakuna aliyewahi kunitupia usoni jambo hilo. Ila mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, siku ya kumbukumbu ilipofika, Mama alinipeleka mlangoni wanapovulia viatu akaniambia, "Nagae, mwanangu, wewe utatutunzia viatu."

Nikatunza. Miaka thelathini! Namjua kila mtu wa kijiji hiki kwa kisigino. Najua nani anatembea kwa upande, nani ana kiatu cha marehemu baba yake, na nani alinunua viatu vipya akamwambia mumewe ni vya zamani. Nilivipanga kwa mistari, pua zikitazama nje, na kwa nyuma nikisikia watu wakicheka na kusali bila mimi. Iliniuma, sitadanganya.

Maisha yote ya Mama yamo kwenye ile mikeka minane. Yeye ni kitinda mimba wa watoto tisa, na aliingia mara ya kwanza mgongoni mwa mama yake akiwa na miezi mitatu. Alipofika miaka sita ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote, wakamwambia ainue miguu. Anasema alicheka mpaka akasahau kusali. Aliinua miguu miaka minne mfululizo, halafu viazi vitamu vikamnenepesha, wakamstaafisha akiwa na miaka kumi.

Akiwa na miaka kumi na tisa alimkanyaga mguu mvuvi wa ngisi aliyeitwa Kanji. Hakuweza kuuondoa mguu wake kwa sababu hapakuwa na pa kuuweka.

"Salamu Maria tatu nzima nimemkanyaga," huwa anasimulia, "na hakusema hata aa. Nikajua, huyu anaweza kuishi na mimi."

Wakaoana majira ya kuchipua, na kweli, marehemu baba mkwe alikanyagwa miaka arobaini na kitu na hakusema hata aa. Mwaka ule alipofariki, Mama alisimama mahali pale pale. Akalia, na kwa jinsi walivyobanana hakuweza kuinua mkono ajifute. Machozi yalifutwa na bega la shemeji yake.

Lakini kisiwa kikaanza kupwaya. Vijana walikwenda Nagasaki, wakafika Osaka, wakasahau njia ya kurudi. Shule ilifungwa. Watoto wakaisha, na siku moja watu wa kijiji walitazamana wakagundua kwamba mwepesi kuliko wote sasa ni Mama Sueno, mwenye miaka sabini na saba, aliyekauka kama samaki wa kuanika. Wakamrudishia kazi yake ya utotoni. Alifurahi huyo! Nyumbani alitembea wiki nzima akinionyesha jinsi atakavyoinua miguu, ameshikilia meza.

Mwaka juzi tukaona kamba imelegea kidogo. Mwaka jana walisimama watu arobaini na mmoja, pamoja na waliokuja kutoka mjini, na kamba ilikuwa kama ya kuanikia nguo. Mama akainua miguu. Mimi nikiwa kule mlangoni na viatu vyangu nikasikia puu! Alianguka kwa magoti sakafuni, kwenye mbao alizozisugua mwenyewe. Hakuna aliyecheka.

Wiki iliyofuata kamati ya kanisa ilikaa. Mwenyekiti wetu, Bwana Iwasuke, ni mtu mwema ila anaogopa kila kitu, hata mvua isiyonyesha. Alisema nguzo ziondolewe, na kuanzia sasa liwekwe shada la maua, basi.

"Mama Sueno, nyonga yako ikivunjika nani atasugua sakafu?" akauliza.

"Mtasugua nyinyi. Mikono si mnayo?"

Padri Kuwano, kijana anayetujia kwa boti kila baada ya wiki mbili, ndiye aliyeomba wapewe mwaka mmoja zaidi. Wakakubaliana hivyo. Kamba ikikaza, nguzo zitabaki. Isipokaza, fundi ataitwa azing'oe.

Mchana mmoja tulikuwa tunamenya viazi vitamu vya kuanika, mimi na yeye barazani. Nikaona kisu chake kimesimama.

"Nagae," akasema, "wale waliokufa mle, wengine hatuna hata majina yao. Hawana kaburi. Wana hicho chumba tu. Zikiondolewa nguzo, mimi nitawaambia nini nikifika?"

Na akalia, Mama Sueno mwenyewe, mbele yangu, bila kujificha. Nikaendelea kumenya viazi vyake na vyangu.

Kesho yake akaishika simu, na tangu hapo simu haikupoa. Alimpigia kila mtu mwenye tone la damu ya Orose. Alimpata mpwa wake wa Osaka.

"Shangazi, Oktoba nina kazi nyingi," yule mpwa akajitetea.

"Wale tisini na sita nao walikuwa na kazi."

"Shangazi, mke wangu ni mjamzito."

"Vizuri, mlete. Anahesabika wawili."

Kufikia Septemba alikuwa na watu arobaini na wanane walioapa kuja. Wa hapa kijijini wanaoweza kusimama ni ishirini na tisa. Kwa hiyo sabini na saba, na Mama akasema wengine wameshiba mjini, watajaza. Tukatwanga viazi vilivyokauka pamoja na mchele wa kunata, tukafinyanga mikate ya kankoro ya kulisha jeshi. Mume wangu Yasuto alikwenda kuikagua ile kamba, akaipaka mafuta. Jumamosi Padri akaja mapema, na upepo ukaja nyuma yake.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kipaza sauti cha kijiji kikakohoa: leo boti haiondoki Nagasaki, mawimbi ni mita nne. Kwa heri. Dakika tano baadaye mpwa wa Osaka akatuma picha. Wote arobaini na wanane wako bandarini, wamepanga mstari, wanakula tambi za moto na kutupungia mikono.

Mama akakaa kwenye kizingiti. Alinyamaza. Nawaambieni, kwa miaka thelathini sijawahi kuisikia nyumba ile imenyamaza vile. Nikamwekea chai, ikapoa.

"Mama," nikasema, "ng'ambo ya kilima kuna watu."

"Si wa damu."

"Si wa damu. Lakini wana miili."

Akanikata jicho. "Mke wa Yasuto, hili si suala la miili."

Hapo ndipo nilipochemka. Naomba radhi kwa waliosikia, na nadhani walisikia mpaka gatini. "Ala! Si suala la miili? Watu wanabanwa mpaka vifungo vinaruka, na si suala la miili? Mimi nimetunza viatu vyenu miaka thelathini, Mama! Nimewazalia wajukuu wawili, wote wameingia mle, mimi mama yao nahesabu soksi. Kwani wahenga wako walichagua wa kubanana naye? Si waliingizwa tu, wakashikana na aliyekuwa karibu?"

Nikajua sasa nimejimaliza. Nilianza hata kufikiria nifunge nguo gani niende kwa kaka yangu.

Mama akanyanyuka, akajipangusa magoti. "Washa pikapu," akasema.

Ng'ambo ya kilima tuliwakuta wote kwenye ukumbi wa hekalu, wanapiga ngoma za mazoezi ya sikukuu yao. Kaka yangu mkubwa, Shigezo Sakitani, alikuwa kwenye ngoma kubwa. Alikuwepo Gonroku muuza samaki, aliyekuwa bingwa wa mieleka ya sumo wa kisiwa, na tumbo la ubingwa bado analo. Alikuwepo na mtawa wa hekalu, mzee Ryoen, mwenye miaka sabini na sita. Ngoma zikanyamaza. Mtu wa upande wa kanisa kuingia pale bila msiba ni jambo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama Sueno, ambaye mimi sijamwona akimwinamia hata daktari, alipiga magoti kwenye mbao na kuteremsha paji la uso mpaka chini.

"Mama Sueno, inuka, unatutia aibu," kaka akasema.

"Siinuki mpaka niseme." Na akasema yote, kamba, nguzo, boti na mawimbi, uso ukiwa bado chini. "Naomba watu wa kusimama nasi. Ni saa nane mchana, muda wa sala tatu fupi, basi."

Kaka yangu aliviweka vijiti vya ngoma polepole. "Mama, unajua sisi ni nani. Ukoo wetu ulikuwa nje ya mlango ule, ufunguo mkononi. Leo unatuita ndani?"

"Wakati ule hamkutuuliza," Mama akajibu. "Leo mimi nimekuja kuuliza."

Jamani, niliona kaka yangu anameza mate kama mtu aliyemeza mfupa. Aliyetuokoa ni Gonroku.

"Kuna chakula?"

"Kuna kankoro, kuna supu ya samaki, kuna tambi," Mama akasema kutoka sakafuni.

"Basi mimi nimeshaokoka."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee Ryoen akainua kidole. "Nitamwagiwa maji?"

"Hata tone."

"Nami naruhusiwa kusali ya kwangu?"

"Sali ya kwako, ila kwa sauti ndogo, maana sikio langu litakuwa mdomoni pako."

"Haya, nakuja," mzee akasema. "Tangu mke wangu afariki sijabanwa na mtu yeyote."

Saa saba na nusu walikuja kwa miguu, kwa pikapu, na kwa trekta moja. Hamsini na watatu! Nikawapokea mlangoni, mimi na viatu vyangu, na viatu havikuwa na mwisho. Mabuti ya mvua, kandambili, makubazi ya mtawa, na jozi moja ya Gonroku ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake.

Bwana Iwasuke alitaka kufa. "Kanuni inasema wenye damu ya waliofungwa tu!"

"Imeandikwa wapi?" Mama akamuuliza.

Bwana Iwasuke akafungua mdomo. Akamtazama mzee huyu, akamtazama yule. Hakuna aliyejua imeandikwa wapi. Kila mmoja aliambiwa na mama yake, na mama yake aliambiwa na mama yake. Padri Kuwano alitazama dari kwanza, kisha akavua miwani akaiweka kwenye benchi isije ikavunjika, akaingia kati ya nguzo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Padri, na watu wakaanza kumiminika.

Kubanana kuna ufundi wake, na wageni hawakuujua. Wa kwetu wakawa walimu.

"Toa kiwiko, toa kiwiko, hiyo ni mbavu yangu!"

"Gonroku, vuta tumbo ndani."

"Likienda ndani litatokea mgongoni, Bibi."

"Nani ananikanyaga?"

"Mimi hapa, Ryoen. Samahani sana. Siwezi kuuondoa."

"Uache tu, Mzee," akasema Mama kutoka katikati. Alikuwa amemezwa, haonekani hata nywele. "Kukanyagana kwetu ni heri."

Yasuto alikuwa anazungusha kamba. Aliivuta, akaivuta tena, jasho likimtoka. "Bado kidogo," akasema. "Bado nafasi ya mtu mmoja upande wa mama."

Watu wakatazamana. Ukimtoa Yasuto wa kamba, aliyebaki nje nani? Vikongwe wawili kwenye viti vya magurudumu, na mimi.

"Nagae!" Sauti ikatoka chini ya mabega ya watu.

"Abee, Mama."

"Unafanya nini huko?"

"Natunza viatu."

"Viatu vina roho? Viache. Njoo huku."

Nilisimama na kandambili ya mtu mkononi. Miaka yote nilikuwa nimeyatamani maneno hayo, na yalipokuja nikaona aibu kama bibi harusi. Yasuto akainua kamba, nami nikainama nikapita chini yake. Watu wakajikunja kunipisha, pembeni harufu ya supu ya samaki, pembeni mafuta ya nywele. Nilipita nyuma ya kaka yangu, naye akanishika mkono bila kugeuka, kwa sababu hakuweza kugeuka. Nikafika kwa Mama, kichwa chake kikanigota kidevuni.

"Nibane," akasema. "Nibane vizuri, mimi si yai."

Nikambana. Kamba ikakaza nyuma yetu, niliisikia ikilia kwenye nguzo. Hatukuweza kusogea hata kidole.

"Nilikosea, mwanangu," akaninong'oneza. "Mtu wa ndani nilimweka mlangoni." Machozi yangu yakateremka kwenye nywele zake nyeupe, nami sikuwa na mkono wa kuyafuta.

"Haya," Mama akasema kwa sauti ya kanisa zima, "mimi naondoka."

Akainua miguu.

Uzito wake ulinijia wote. Kilo thelathini na nane, nusu kifuani pangu, nusu mgongoni mwa Shigezo Sakitani. Padri akaanza Salamu Maria, wa kwetu wakaitikia, na mzee Ryoen akaivuta ya kwake chini chini, zikaenda pamoja bila kugombana. Salamu ya kwanza ikaisha, Mama yuko juu. Ya pili ikaisha, yuko juu. Kwenye ya tatu nikasikia anatetemeka, nikafikiri anaumia. Kumbe anacheka. Alicheka kicheko chembamba cha mtoto wa miaka sita, kikapita mwilini mwangu kikaingia kwa kaka yangu, kikaingia kwa Gonroku, na Gonroku akicheka tumbo lake linatikisa mikeka yote minane. Watu themanini na watatu tukawa tunatikisika, hakuna aliyejua nani alianza.

"Amina," Padri akasema.

"Mama, shuka sasa," nikamwambia.

"Subiri. Moja zaidi, ya Kanji."

Tukasali ya nne.

Nje, sasa, ndipo nilipokumbuka viatu. Hakuna aliyekuwa amevilinda, na watu waliotoka wakiwa wamelewa furaha walivaa walichokiona. Mtawa alivuka kilima na viatu vyeusi vya Padri. Padri alipanda boti ya Jumatatu na makubazi ya hekaluni. Bwana Iwasuke, ambaye hakumwita fundi wala hajaitaja nguzo tena, alikwenda nyumbani na mabuti mawili ya mguu wa kushoto. Mpaka leo kuna watu wanavuka kilima wakiuliza, na wakija kuuliza wanakaribishwa chai, na wakikaribishwa chai hawaondoki.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Mama kanisani amepiga magoti kati ya nguzo, anasugua. Pembeni yake kulikuwa na mfuko wa pili wa pumba, mpya, ameushona mwenyewe.

"Wa nani huo?" nikauliza.

"Wa nani tena? Vua viatu uingie. Na usivipange."